Vyura wenye sumu kwao, wapole ugenini

UKIMWAMBIA mtu wa huku kwetu kwamba yupo binadamu mwenye akili timamu aliyenunua chura kwa dola 50 za Marekani, akamjengea nyumba ya kioo, akamwekea taa, mvua ya kila siku na chupa za inzi wa kumlisha, swali la kwanza atakalokuuliza ni kama chura huyo analiwa.

Haliwi. Wala hashikwishikwi. Kazi yake ni kutazamwa.

Ninaowazungumzia ni vyura wa Amerika ya Kati na Kusini wanaojulikana kama vyura wa mishale. Ni wadogo, wengi hawazidi urefu wa kidole gumba, na wapo wanaoenea juu ya ukucha. Lakini kwa rangi hakuna kitenge sokoni Bujumbura kinachowashinda: njano yenye mistari myeusi, buluu ya wino, nyekundu ya pilipili, kijani cha kung'aa. Vyura wetu wengi hujificha mchana na kupiga kelele usiku. Hawa hutembea mchana kweupe bila wasiwasi, kwa sababu rangi zao ni onyo kwa ndege na nyoka kwamba ngozi hii ina sumu.

Nimewafahamu kwa mtoto wa mdogo wangu, ambaye kwa desturi zetu ni mwanangu. Sisi ni watu wa 1972. Wazazi walikimbilia Uvira, mimi nikazaliwa na kusoma huko, na mwaka 1996 vita ilipotufikia tukavuka ziwa hadi Kigoma, tukaishia kambi ya Mtabila. Mwaka 2008 mama, mdogo wangu na familia yake walichukuliwa kwenda Marekani, katika ule mpango wa wakimbizi wa 1972 ambao wasomaji wengi wa ukurasa huu wana ndugu waliopita humo. Mimi nilikuwa nimeshajiandikisha kurudi nyumbani, nikarudi mwaka uliofuata. Kijana alikuwa na miaka minne walipoondoka.

Mwaka 2019, likizo ya Julai na Agosti, nilipata viza nikaenda kuwatembelea Dayton, jimbo la Ohio. Nilimkuta kijana ana miaka 15, ndevu zinachungulia, Kiswahili chake kinakwenda kwa kujikwaa, Kirundi hajui kabisa, na chumbani kwake ana vyura wanne wa njano na nyeusi kama nyuki.

"Baba mkubwa, usiogope. Hawa hawana sumu," aliniambia.

Nikamuuliza wameiacha wapi.

Jibu la swali hilo ndilo lililonifanya nikae na mtoto yule likizo nzima, mimi mwalimu nikiwa mwanafunzi. Kumbe chura huyu hajitengenezei sumu mwenyewe. Anaila. Kule msituni chakula chake ni sisimizi, utitiri, jongoo wadogo na wadudu wengine wa kwenye majani makavu, na ndani ya vidudu hivyo mna kemikali ziitwazo alkaloidi. Chura huzimeza, mwili wake huzipeleka kwenye ngozi na kuzihifadhi humo. Mtoe msituni, mlishe inzi wa matunda, na sumu itapungua mwaka hadi mwaka. Akizaliwa ndani ya kioo, haijui kabisa.

Aliyelifuatilia jambo hili kwa miongo mingi ni mwanakemia Mmarekani John Daly, wa taasisi za taifa za afya za nchi hiyo. Yeye na wenzake walichukua vyura wa kijani na nyeusi wa baba na mama mmoja, wakawagawa. Waliolelewa kwa inzi hawakuwa na sumu. Waliolishwa wadudu waliotoka kwenye majani ya msituni walikuwa nayo. Damu moja, chakula tofauti.

Vyura hao hao wa kijani na nyeusi wana historia yao ya uhamiaji. Mwaka 1932 walichukuliwa Panama wakaachiwa katika bonde moja la kisiwa cha Oahu, Hawaii, ili wapunguze mbu. Wapo hadi leo. Sumu wanayo, lakini imepangika tofauti na ile ya ndugu zao wa Panama, kwa sababu wadudu wa Hawaii si wale wa Panama.

Kuhusu mishale, jina linawaonea wengi. Familia hii ina karibu aina 200, na ni chache sana zilizowahi kutumika kwenye silaha, zote za Kolombia. Mashuhuri ni yule wa rangi ya njano wa misitu ya pwani ya Pasifiki, ambaye wanasayansi walimpa jina rasmi mwaka 1978, ingawa Waembera wenyeji wa huko walikuwa wakimfahamu tangu enzi. Wao walisugua ncha za mishale yao mgongoni mwake, basi. Inakadiriwa sumu ya chura mmoja inatosha kuua watu 10. Na hata huyo, akizaliwa ndani ya kioo Ulaya au Marekani, ni mpole kama kifaranga.

Sasa kuhusu hicho kioo.

Kabati la kijana ni la kioo pande zote, upana na kina sentimita 45, urefu 60, na mlango wake uko mbele. Wenyewe huliita vivariamu. Chini kabisa ameweka vigololi vyepesi vya udongo wa kuchoma, kimo cha vidole vitatu, ili maji yanayozidi yapate pa kukaa bila kuozesha mizizi. Juu yake kipande cha wavu kama ule wa dirishani. Kisha udongo, ambao kwa kweli si udongo: ni mchanganyiko wa magome ya miti, nyuzi za makumbi ya nazi na vipande vya mkaa. Juu ya yote hayo, majani makavu, mengi.

Majani hayo mama alitaka kuyafagia wiki ya kwanza. Kijana akamzuia, kwa sababu humo ndimo inamofanyika kazi kubwa. Ndani ya majani ameachia vidudu vyeupe vidogo kuliko chembe ya sukari, na vingine vya kijivu vyenye miguu mingi, wale tunaowakuta wamejikusanya chini ya gogo bichi. Wanakula ukungu, wanakula majani yanayooza, wanakula na kinyesi cha vyura. Kwa hiyo kabati halioshwi. Lake lilikuwa na miaka miwili bila kufumuliwa, na ukiingiza pua unasikia harufu ya msitu baada ya mvua.

Mimea ni ya jamii ya nanasi, ile ambayo majani yake yamejipanga kama kikombe na kushika maji katikati. Kuna na mmea wa kutambaa, ule wa sebuleni ambao kila nyumba ya Bujumbura inao. Ukutani, kwenye kipande cha gome, yameota yale majani laini ya kijani yanayovaa mawe ya mtoni.

Joto linatakiwa liwe kati ya nyuzi 22 na 26. Likizidi 30 kwa muda, vyura wanakufa. Nilipiga hesabu palepale: Bujumbura adhuhuri wasingepona, lakini Gitega wangeishi bila hita yoyote. Unyevu ndio kazi. Pampu ndogo yenye saa hunyunyiza maji mara kadhaa kwa siku, maji yaliyoondolewa chumvi na dawa. Asubuhi taa ikiwaka na mvua ikikatika, dume huanza kuimba. Si ule mkoromo wa chura tunaoujua. Ni mlio mrefu wa kutetemeka, kama ndege.

Gharama? Kwa hesabu zake, kabati, taa, pampu na mimea vilikula dola 340, na vyura wenyewe 200. Alizipata kwa kukata majani ya majirani misimu miwili ya joto. Mwalimu mwenzangu anayesoma hapa atajua mwenyewe hiyo ni mishahara mingapi, sina haja ya kumchungulia mfukoni.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi dukani ni umri. Chura huyu akitunzwa vizuri huishi miaka 10 na zaidi. Anayemnunulia mtoto wa miaka 12 ajue kwamba huenda atamtunza yeye mwenyewe mtoto akishaenda chuo.

Mama alipinga. Mdogo wangu alinieleza kwamba siku vyura walipoingia nyumbani, bibi huyo aliyevuka mipaka mitatu na watoto mgongoni alitangaza kuwa chura hawezi kulala nyumba moja naye, na kwamba yeye atalala kwenye gari. Hakulala kwenye gari. Na kilichombadilisha ni inzi.

Vyura hawa hawali kitu kisichotembea. Chakula chao ni inzi wadogo wa matunda, wa ukoo uliochaguliwa kwa vizazi vingi hadi ukapoteza uwezo wa kuruka. Mfugaji hana budi kuwazalisha mwenyewe. Unaponda ndizi mbivu, unaongeza unga wa viazi, siki kidogo ya kuzuia ukungu, hamira ya kubana kwa vidole viwili, unaweka kwenye kikombe cha plastiki na kukifunika kitambaa. Baada ya wiki mbili hivi kikombe kimejaa. Kila wiki lazima uanzishe kipya, la sivyo vyura watalala njaa.

Vikombe vya kijana vilikuwa vikiharibika. Vinaota ukungu, au vinakauka. Mama alipita siku moja, akanusa, akasema, "Huyu anatengeneza urwarwa na hajui." Uvira alitusomesha kwa urwarwa, ndizi anazijua kwa harufu. Alivua koti, akaponda, akapima maji kwa kiganja. Tangu siku hiyo inzi ni idara yake. Nilimkuta ana vikombe tisa juu ya friji, vimeandikwa tarehe, na kijana akitaka kulisha anaomba ruhusa. Kabla ya kulisha, inzi hutikiswa kwenye unga wa kalsiamu na vitamini hadi wawe weupe, kwa sababu inzi peke yake si lishe kamili. Hapo mama huwa anacheka kila mara.

Mdogo wangu aliniambia kwamba wakati wa baridi, theluji ikiwa nje, mama huvuta kiti akakaa mbele ya kioo hicho karibu siku nzima. Hapaiti kwa vyura. Anapaita "pale penye majani."

Uzazi wao nao una mambo. Kijana ameweka kifuu cha nazi kilichogeuzwa, kimetobolewa mlango, na chini yake kisahani. Jike huingia na kutaga mayai machache tu, pengine matano, pengine manane, si utepe mrefu wa mamia kama chura wa dimbwini. Dume ndiye anayeyatunza yasikauke. Viluwiluwi wakitoka, msituni dume huyo huyo huwapandisha mgongoni na kuwapeleka kwenye maji. Baba anabeba. Wapo wa aina nyingine ambao mama hurudi kwa kila kiluwiluwi kwenye kikombe chake cha maji na kumtagia yai la kula.

Kwenye kioo, mfugaji hulea kila kiluwiluwi katika kikombe chake, maana wakiwa pamoja hulana. Ndani ya maji kijana huweka kipande cha jani kavu lililofanya maji kuwa ya rangi ya chai, linalosaidia kuzuia ukungu. Nilipoliangalia vizuri nikalitambua: jani la mkungu, mti ule ule wa kivuli wa Kigoma na pwani yote. Yeye ananunua majani kumi kwa pakiti. Miezi miwili na nusu au mitatu, na chura mdogo anatoka majini, mkia ukiwa bado haujaisha.

Pembeni ya kabati pamebandikwa karatasi. Nilidhani ni ratiba ya chakula. Kumbe ni kitambulisho: jina la kisayansi, nchi ya asili ya ukoo wao, Guyana, aliyewazalisha, mwezi na mwaka waliozaliwa. Kijana akanieleza kwamba wafugaji wa kweli hawachanganyi. Chura wa bonde hili na wa bonde lile wanaweza kuzaana vizuri, lakini watoto wao hawatakuwa wa popote, na rangi ya bonde itapotea. Kwa hiyo kila ukoo unatunzwa peke yake, na karatasi inamfuata chura kila anakouzwa. Chura asiye na karatasi ananunuliwa na wasiojua, kwa bei ya chini.

Msomaji aliyerudi kutoka kambini anaelewa kwa nini nilikaa kimya. Ukifika mpakani swali la kwanza ni kolini yako. Kolini ipi, zone ipi, komuni ipi, baba yako nani, nani anamjua. Wapo waliorudi na watoto saba na hawana jibu.

Usiku ule mezani nilimuuliza kijana kolini ya babu yake. Hakuwa nayo. Mdogo wangu naye akababaika, yeye alizaliwa Uvira kama mimi. Mama ndiye aliyeitaja, na kijito kinachopita chini yake, na majina ya majirani wanne wa mwaka 1972. Mimi niliongeza ninachokijua: kwamba shamba lile lilikuwa na mtu mwingine nilipofika 2009, kwamba tulifikishana mbele ya tume ya ardhi, na mwisho tukagawana nusu kwa nusu, na kwamba yule jirani na mimi leo tunapeana chumvi. Kijana alileta daftari lake la vyura. Aliandika yote ukurasa wa nyuma, akamrudisha mama mara mbili kwenye jina la kijito ili apate herufi sawa.

Siku chache kabla sijaondoka ndipo likaja ombi. Alikuwa na vyura wadogo sita waliokwishaanza kula. Akataka nichukue wanne, niwapeleke shuleni kwangu Makamba, wanafunzi waone. Kikasha kidogo, majani mabichi, saa 30 za safari wangehimili. Wafugaji wenzake huwasafirisha hivyo hivyo ndani ya Marekani.

Nilikataa, na sababu ziko mbili. Nazieleza kwa kirefu kwa ajili ya ndugu zangu wa Mugina, Manyovu na Kobero ambao mizigo ya kila aina hupita mikononi mwao.

Ya kwanza ni sheria. Vyura wengi wa mishale wamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES tangu mwaka 1987, na Burundi na Tanzania zote ni wanachama wa mkataba huo. Maana yake, kuvuka mpaka wa kimataifa kunahitaji kibali, hata kama chura amezaliwa chumbani kwa mtoto. Na huu si mchezo. Aprili ile ile ya 2019, uwanja wa ndege wa Bogota, polisi wa Kolombia walikamata zaidi ya vyura 400 wamefungiwa kwenye vikopo vya filamu za kamera. Januari 2024, uwanja huo huo, akakamatwa mwanamke aliyekuwa akielekea Brazil na vyura 130 kwenye vikopo vya namna hiyo hiyo. Katika safari kama hizo wengi hufika wamekufa, na anayenunua analipia waliobaki.

Huku kwetu nako, kabla ya Tanzania kupiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, vinyonga na vyura wa milima yake walipatikana madukani Ulaya na Marekani. Mahitaji hayakwisha kwa tangazo. Kwa hiyo akitokea mgeni mpakani anayetaja dola kwa kinyonga au chura, ujue bei anayokutajia ni ya kijana atakayekamatwa, na kijana huyo ni wewe.

Kolombia imejaribu dawa nyingine. Iván Lozano, mtu aliyewahi kuwaona vyura wengi waliokamatwa wakifa mbele yake, alianzisha shamba la kuwazalisha kisheria, Tesoros de Colombia, akawauza nje kwa vibali na karatasi. Hoja yake ni ya kibiashara, na sisi tunaoishi kwa kuuza na kununua tutaielewa: ukileta mali halali, yenye afya na bei nzuri, mlanguzi anakosa mteja. Binafsi naiona hoja hiyo ina nguvu kuliko mabango. Lakini inafaa tu pale nchi yenye vyura ndiyo inayouza. Mzungu akimzalisha chura wa Kolombia huko Ohio, mwanakijiji wa Kolombia hapati hata senti.

Sababu ya pili ni ugonjwa. Kuna kuvu anayeshambulia ngozi ya vyura, na kwa kuwa chura hunywa maji na hata huvuta hewa kwa ngozi, ngozi ikiharibika moyo husimama. Utafiti uliochapishwa 2019 ulihesabu aina zaidi ya 500 za vyura na jamaa zao zilizopungua kwa sababu ya kuvu huyo duniani, na 90 kati yake zimetoweka. Amesambazwa na biashara ya vyura hai. Chura anaweza kuonekana mzima, akala, akaimba, na maji ya kikasha chake yakimwagwa mtoni yakaleta msiba bondeni.

Kijana hakununa. Alisema, "Kama Kihansi."

Nilishangaa anapajua Kihansi. Sisi wa Mtabila tulilisikia jina hilo kwenye redio hadi likawa utani: mtu akijifanya wa thamani kuliko wenzake anaambiwa ni chura wa Kihansi. Kumbe chura huyo anaheshimiwa na wafugaji wa dunia nzima. Jumamosi iliyofuata mdogo wangu alitupakia sote, mama akiwa mbele, tukaenda Toledo, saa mbili na nusu kwa gari, kwenye bustani ya wanyama ya mji huo.

Kisa chake ni hiki. Mwaka 1996, wakati bwawa la umeme la megawati 180 likijengwa katika milima ya Udzungwa, watafiti walikuta chini ya maporomoko ya Kihansi chura mdogo wa manjano, hafiki sentimita 3, asiyetaga bali anayezaa watoto waliokamilika. Hakuwapo mahali pengine popote duniani. Aliishi kwa rasharasha za maporomoko tu. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, rasharasha zikakatika. Serikali iliweka mabomba ya kunyunyizia bonde, na mwishoni mwa 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani. Mwaka 2003 waliobaki bondeni waliporomoka ghafla, na kuvu niliyemtaja alikutwa kwenye mizoga. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena.

Wale wa Marekani nao walikufa wengi miaka ya mwanzo, hadi watunzaji wa New York na Toledo walipoyapatia maji, taa na lishe. Na walikowatunzia ni ndani ya vioo vyenye mimea na mvua ya pampu, kaka wa kabati la kijana wetu. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Tanzania, kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa bondeni, na baadaye kwa maelfu. Walipimwa ugonjwa, walikuwa na kumbukumbu, na kwao kulikuwa kunajulikana ni wapi.

Mama alisimama mbele ya kioo cha Toledo, akavaa miwani, akasoma neno "Tanzania" kwa sauti. Vyura walikuwa kama punje za mahindi juu ya majani.

"Hawa wamesharudi?" akauliza.

Kijana akamjibu kuwa hawa hapa bado, ila ndugu zao walirudi. Mama akasema basi nao wakae tu, baridi haiwapati humo ndani.

Makamba sasa nina kabati langu la darasani. Kioo ni cha madirisha ya zamani ya shule, mkaa wa jikoni, udongo na majani makavu ya bondeni, na silikoni ya kuunganishia ililetwa na mama mmoja mfanyabiashara kutoka Kigoma kupitia Manyovu. Hatukuweka mnyama. Wiki ya tatu vidudu vyeupe vilianza kutembea vyenyewe juu ya majani, na darasa la sita likagombania lensi moja tuliyonayo.

Wameniuliza mara tatu chura ataletwa lini. Nimewaonyesha bonde, liko mita 300 kutoka darasani, waende jioni na daftari, wawili wawili, wasikilize na kuandika. Hadi wiki iliyopita walikuwa wamefikisha sauti tano zisizofanana, na kuna ubishi mkali kuhusu ya sita.